Hodi Tatu za Bernadetha

Bernadetha alikuwa mwanamke wa hodi tatu. Akifika mlangoni kwako anapiga ya kwanza, anasubiri. Ya pili, anasubiri. Ya tatu. Usipoitika anageuka na kuondoka, hata kama mlango uko wazi na redio inaimba ndani. Siku moja nilikuwa bafuni uani, nimejaa povu, nikamsikia. Nilipotoka nikakuta ameshaondoka na kapu la viazi alilokuwa ananiletea. Nikamfuata kwa hasira. "Berna, viazi si ungeviacha tu ndani?" Akanijibu, "Hukuitika, da Siku." Wala hakutabasamu.

Mimi ni Sikujua, mpishi wa chai kwenye ofisi ya mradi wa kilimo hapa Mpanda, na mdomo wangu watu wanaujua. Bernadetha alikuwa mpiga chapa wetu. Alikuja nchini mtoto, mwaka wa sabini na mbili, Warundi walipokimbia kwao. Akakulia Katumba, makazi ya wakimbizi, kwenye mashamba ya tumbaku, masista wakamfundisha mashine. Tulipanga vyumba jirani karibu na stesheni. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza huko alikotoka alimwacha nani. Watu wa Katumba huwaulizi hivyo, mwenyewe akitaka atasema.

Mwaka wa tisini na nane ofisi ikaletewa kompyuta. Huku kwetu kitu kinafika na treni ya mizigo wenyewe wakishakichoka, na kompyuta nayo ilifika hivyo, imefubaa, na sidii moja imesahaulika ndani yake. Eustace, bwana shamba wetu aliyesoma nje, alipoiona alicheka kwa furaha. Akasema hilo ni gemu, lilitoka miaka mitano nyuma, na huko Ulaya lilisifiwa mpaka magazetini.

"Halina bunduki, halina adui," akatuambia. "Unatembea tu, unaangalia, unafumbua mafumbo. Kuna mwanamke amepotea kwenye nyumba, kazi yako ni kumtafuta."

Nikamwambia kama halina adui basi hilo ni la kwaya. Nilisema mapema mno.

Nyumba yenyewe ilikuwa peke yake kwenye ukungu. Mvua inanyesha, unaisikia kama iko juu ya bati letu. Taa inawaka dirishani na mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Ndoo imejaa maji, nguo ziko kwenye kamba, na mtu hayupo. Hilo ndilo lililonitia baridi. Niliangalia kidogo nikarudi kwenye birika langu.

Bernadetha alibaki. Kila saa ya chakula, jenereta likiwa bado linanguruma, alikuwa pale na mkono kwenye mausi. Anatembea ndani ya ule ukungu mpaka mlangoni, anasimama. Nikaona midomo yake inacheza. Nikasogea, nikasikia anaipigia kompyuta hodi. Nilicheka mpaka nikamwaga chai ya watu. Akamaliza hodi zake tatu, akageuza, akarudi kwenye ukungu. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa.

"Sukuma tu, mama," Eustace akamwambia. "Hakuna atakayekukaribisha mle."

Bernadetha alitoa mkono, na mausi ilikuwa imelowa jasho. Hapo kicheko kikanikauka. Chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyotoka, na bado saa ile ikifika anakimbilia kile kiti. Nikambana jikoni nikamwambia kama kitu kinakutisha, si ukiache, nani amekushikia fimbo? Ndipo akaniambia, huku anatazama majivu.

Alikuwa na miaka kumi. Asubuhi hiyo askari walikuwa wameshawachukua wanaume wa mlima waliokuwa wanaishi. Mama yake akamtuma mbio kwa Katarina, dada mkubwa wa Berna, aliyeolewa ng'ambo ya kijito, akamwambie akimbie. Alikuta mlango umerudishwa, moto unawaka, chungu kinachemka. Akabisha kwa lugha yao kama alivyofundishwa, mara tatu. Kimya. Mtoto haingii kwa mtu asiyeitika. Akageuka, na njiani akakutana na mama yake na majirani wanakimbilia mpakani, wakamvuta. Katarina hakuonekana tena mpaka leo.

"Mama alikufa anaamini dada alishaondoka kabla sijafika," akasema. "Na mimi nimeamini hivyo. Sasa niambie, da Siku. Mtu aliyejificha anaitika hodi?"

Nikainama nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kesho yake akaniomba nikae naye. Nikavuta kiti. Alifika mlangoni, safari hii hakupiga hodi, akasukuma. Mlango ukalia na wote wawili tukashtuka. Ndani kuna meza na vikombe viwili. Mafumbo yaliyomtoa jasho Eustace wiki nzima, Berna aliyamaliza kama mtu aliyezaliwa mle, ufunguo akautoa kwenye pipa la unga, taa akaziwasha moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake. Mimi nilitamani tu jenereta lizime. Mwishowe kabati likasogea ukutani. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo kisichotosha hata kitanda. Kigoda, blanketi, kikombe kinachotoa mvuke. Aliyekikalia kile kigoda alikuwa ametoka sasa hivi. Na ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, palikuwa na tundu.

Berna akachungulia. Tundu lilikuwa linatazama mlangoni, pale pale kwenye jiwe la kizingiti alilosimamia siku zote zile akibisha.

"Alikuwa ananiona," akasema.

Akazima, akafunika kompyuta na kitambaa chake. Eustace akadai bado kuna mbele, eti mwanamke anapatikana. Nikamwambia achukue sidii yake akacheze kwao. Nilikuwa na hasira hata na hao waliolisifia gemu, watu wazima wanakaa kutunga hofu halafu wanapeana hongera. Lakini ukweli niliogopa. Bernadetha alipiga chapa barua zote bila kosa hata moja.

Mwezi wa tatu, mvua bado zinapiga, malaria ikanipanda kichwani. Ilikuwa mchana, niko chumbani peke yangu, mlango umerudishwa. Nikataka kumwita jirani, taya zimekaza, ulimi haunyanyuki. Nilijua nakufa. Nje watu wanapita wanabishana bei ya mchele wa Majimoto, na mimi nakufa hatua chache kutoka kwao.

Ndipo nikasikia hodi. Sauti ya Berna.

Nikajikaza, haikutoka hata pumzi ya kusikika. Hodi ya pili. Nikajaribu kupiga ukuta, mkono haukunitii. Hodi ya tatu. Halafu nikasikia kandambili zake zinageuka kwenye kokoto. Machozi yakanitoka. Namjua Berna, viazi vyangu viliondoka hivyo hivyo.

Kandambili zikasimama. Zikakaa zimesimama, mpaka nikadhani homa ndiyo inanidanganya. Kisha mlango ukalia.

Aliingia macho ameyafumba, ameyabana kabisa. Mkono mmoja ukutani, mwingine ameutanguliza mbele. Akagonga ndoo, maji yakamwagika, hakufumbua. Akapapasa ukingo wa kitanda, akapapasa shuka, mkono ukatua kwenye mguu wangu. Akaushika.

"Wa moto," akasema polepole. Ndipo akafumbua macho.

Aliita majirani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wakati wanatafuta kitu cha kunibebea mpaka hospitali, alinikalisha akaniegemeza kifuani, ananipangusa uso na khanga yake iliyolowa maji ya ndoo. Nilitaka kumwambia nilimsikia, tangu hodi ya kwanza nilimsikia, tatizo ni ulimi. Nikahangaika na mdomo wangu huu, hautoi kitu.

"Tulia, da Siku," akasema. "Najua ulikuwa unanisikia."