Leso Niliyoikataza Ukumbini

Mke wangu hajawahi kuzipenda nyimbo za kantri. Husema ni nyimbo za watu wasio na majirani, kwa sababu mwenye majirani hawezi kuachwa alie na gitaa peke yake hivyo. Lakini Jumapili moja mwaka huu, runinga ilipokuwa ikionyesha marudio ya tuzo za kantri kutoka Marekani, aliketi nami sebuleni kwetu Kisauni, sinia la mchele mapajani, akichagua mawe na kutazama kwa jicho moja.

Walikuwa wanamtaja mwimbaji bora wa mwaka. Mimi nilikuwa na wangu, mwanamke mwenye sauti nzito anayeimba kana kwamba anazungumza na mtu jikoni. Hakupewa. Alipewa bwana mmoja mwenye kofia pana na mkanda wenye bizimu kubwa kama kisahani. Nikaanza kunung'unika. Nikasema tuzo hizi hazina haki, wenyewe kwa wenyewe wanapeana, na anayejua kuvaa ndiye anayeshinda.

Mke wangu hakuinua uso kwenye sinia. "Na ile yenu ya Changamwe," akasema, "ilikuwa na haki?"

Nilizima runinga. Tumeishi pamoja tangu ujana wetu, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kunitajia jambo lile hata mara moja. Nilidhani amelisahau. Kumbe alikuwa ameniwekea.

Nilizaliwa Likoni, katika nyumba ambayo redio ilikuwa ya habari, ya Kurani na ya taarabu. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata ukarani katika ghala moja la chai Changamwe, na huko ndiko nilikopatwa na kantri. Kila Jumapili palikuwa na kipindi cha nyimbo hizo redioni. Watu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini na viwandani walikuwa wakikisikiliza kama wengine wanavyosikiliza hotuba ya msikitini, kimya, bila kutikisika. Sikuwa nikielewa kila neno. Lakini zile habari za mtu aliye mbali na kwao, na barua isiyojibiwa, na mama mzee mlangoni, zilinikamata. Nikazijua nyimbo zote. Nikajua nani aliimba nini na lini, na nikajivunia kujua.

Pale ghalani alikuwapo mpakiaji mmoja kutoka bara, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kubeba magunia. Alikuwa na gitaa la mbao lililokosa waya mmoja, na mahali pa waya huo alitia waya wa breki ya baiskeli. Aliniita Karani, nami nilimwita ndugu yangu. Wakati wa chakula cha mchana tulikaa nyuma ya ghala kwa mama mmoja wa Kidigo aliyeuza mbaazi na mahamri. Rafiki yangu akinicheka kwamba watu wa pwani tunaweza kulala tukiwa tumesimama. Mimi nikimcheka kwamba Kiswahili chake kinachechemea, na afadhali akiimbe kuliko kukizungumza. Mama wa mbaazi alikuwa akimpa mahamri mawili ya bure kwa kila wimbo. Mimi alinitoza, akisema karani hana sauti.

Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, kwa Kiswahili. Uliokuwa bora ulikuwa juu ya mama yake. Mama huyo alibaki kijijini na redio ndogo iliyotundikwa msumarini, na hakuamini kwamba mwanawe aliyekwenda Mombasa anaweza kuwa mwimbaji. Alikuwa amemwambia wazi: siku nitakayokusikia ndani ya kisanduku hiki, siku hiyo nitaamini. Rafiki yangu akaigeuza kauli hiyo kuwa wimbo. Kiitikio chake kilikuwa kifupi: "Usizime, mama, bado niko njiani." Ulikuwa na beti tatu, na kila alipofika ule wa tatu mama wa mbaazi aliacha kupakua.

Basi klabu ya wafanyakazi ikatangaza mashindano ya mwimbaji bora wa kantri, Jumapili mchana katika ukumbi wa jamii pale Changamwe. Mshindi angepata kikombe, na zaidi ya kikombe, angepelekwa studio kurekodi wimbo mmoja, na wimbo huo ungepigwa katika kipindi cha Jumapili. Rafiki yangu aliandikisha jina siku ya kwanza. Hakukitaka kikombe. Alitaka kile kisanduku cha msumarini.

Nami nikateuliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilizijua nyimbo. Nilimwuliza kama ataona vibaya. Akacheka, akasema heri mwamuzi awe mtu anayemjua.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na sitamsukumia mtu mwingine. Sikula rushwa, wala hakuna aliyenishawishi. Niliogopa tu kusemwa. Niliona watu wakinong'onezana kwamba Karani amempa rafiki yake, nikataka kuwafunga midomo kabla hawajaifungua. Nikaketi mezani nyumbani, nikachora karatasi kwa rula. Safu nne: sauti, gitaa, mavazi, matamshi. Na kwa matamshi nilikusudia yale ya kwenye sahani za santuri, ya Kimarekani, kwani ndiyo niliyodhani ni kantri yenyewe. Waamuzi wenzangu, mwalimu wa kwaya na msimamizi mmoja wa kiwanda, walipoiona karatasi waliisifu. Walisema hii ndiyo haki, kila kitu kina nafasi yake.

Kisha nikaongeza sharti moja. Kwetu pwani, mwimbaji akikugusa moyo hukai tu kitini. Unainuka, unamwendea taratibu kwa maringo, unamtuza. Unamfunga leso, au unampa chochote ulicho nacho, mbele ya watu wote. Mama yangu alikuwa bingwa wa kutuza. Alikuwa akitoka arusini bila leso ya kujifunika. Lakini mimi, nikiwa mwamuzi, niliona kutuza kutampendelea mwenye jamaa wengi. Nikachukua boksi tupu la chai, nikalikata, nikaandika kwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KUTUZA. Nikalitundika kando ya jukwaa.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu, ambaye tulikuwa hatujamaliza naye mwaka, alikaa safu ya tatu karibu na mama wa mbaazi. Akaimba wa kwanza, akaimba wa pili. Wa tatu alikuwa karani wa ofisi moja ya mjini, kijana nadhifu mwenye kofia pana, buti na shati lenye matamvua. Aliimba wimbo wa Kimarekani neno kwa neno kama ulivyo kwenye santuri. Sitamdharau, alikuwa na sauti, na alikuwa amefanya mazoezi. Nilimwandikia kumi kwenye mavazi na kumi kwenye matamshi.

Rafiki yangu alikuja wa mwisho. Alivaa shati lake la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi, na ndara. Alianza wimbo wa mama yake. Ukumbi ambao muda wote ulikuwa na minong'ono ukatulia. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi, na nikaona tone limeanguka kwenye safu ya matamshi na kuvuruga wino. Nikajifuta macho kwa mkono wa shati.

Alipoanza ubeti wa tatu, mama wa mbaazi akainuka. Nilisimuliwa baadaye kwamba alimgeukia mke wangu akamwambia, "Hebu nipe leso yako, mwanangu, yangu ina mafuta." Akaichukua, akaikunjua, akaanza kwenda jukwaani kwa ile hatua ya wanawake wetu, bega hili, bega lile. Mtu akapiga kigelegele.

Nikasimama. Nikanyoosha kalamu kuelekea lile boksi. "Mama," nikasema kwa sauti ya ofisini, "sheria ni sheria. Rudi ukae."

Alisimama katikati ya ukumbi, leso mikononi. Watu wakacheka. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikonijua, kisha akarudi. Na rafiki yangu, aliyekuwa akimwona akija, akapoteza neno. Vidole viliendelea kupiga, lakini mdomo ulikuwa mtupu. Ubeti ule haukurudi. Akarukia kiitikio, akamaliza, akainamisha kichwa.

Nilimpa tisa ya sauti. Gitaa nilipunguza kwa sababu ya waya wa breki. Mavazi nilimpa tatu. Matamshi, kwa kuwa hakuimba Kiingereza, mbili. Nilijumlisha mara mbili ili nisimkosee. Kisha nikasimama nikasoma matokeo, mshindi akiwa yule kijana wa kofia pana, na hakuna mtu aliyebisha, maana karatasi ilikuwa safi isipokuwa pale kwenye lile tone.

Rafiki yangu alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia nimefanya kazi yangu. Jumatatu alibeba magunia kama kawaida, lakini mchana hakuja na gitaa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mama wa mbaazi alinipakulia chakula changu bila utani. Nilijiambia kwamba rafiki yangu ana kinyongo cha kushindwa, na mtu mzima akinuna huachwa anune. Ilikuwa rahisi kwangu kusema hivyo. Masika yaliyofuata akaletewa habari kwamba mama yake amefariki. Alikwenda bara, akarudi amenyoa nywele. Nilimpa pole pamoja na wenzangu wa ofisini, katika msururu, kama watu wasiojuana. Baadaye akapata kazi kwingine, nasi tukapoteana.

Mambo hayo yote yalinirudia pale sebuleni, runinga imezimwa, mke wangu akiendelea na mchele wake. Nikamwambia kwamba nimesikia yule mtu yuko Miritini, anaziba pancha za malori. Mmoja wa watu wa zamani wa ghalani ndiye aliyenieleza, tulipokutana mazikoni.

"Basi nenda."

"Nikamwambie nini miaka yote hii?"

"Wewe nawe," akasema. "Ulipokuwa unamnyang'anya, maneno uliyapata."

Nilimwuliza kama ile leso yake bado ipo. Akanicheka sana. Akasema ile ilibeba watoto wetu mgongoni mpaka ikawa tambara la kupangusia meza. Lakini kesho yake asubuhi nilikuta leso mpya mezani, imekunjwa, haijafuliwa hata mara moja.

Nilimkuta Miritini kando ya barabara, mahali malori yanapopumzika, chini ya kibanda cha mabati. Amezeeka zaidi yangu. Alikuwa ameinamia karai la maji, anauzungusha mpira wa tairi akitafuta viputo. Madereva wawili walikuwa wakingoja juu ya kreti za soda. Nilimsalimu. Akanitazama kidogo tu.

"Karani," akasema. "Wewe bado uko?"

Nilimwambia nipo, alhamdulillahi. Akanisukumia kreti. Tukaulizana habari za watoto na za magoti. Kisha nikasema nililokwenda kusema: kwamba siku ile nilikosa, kwamba wimbo wake ulikuwa bora kuliko nyimbo zote, na nililijua hilo kalamu ikiwa mkononi.

Aliendelea kuzungusha mpira. "Hiyo siku nilikuona," akasema. "Ulikuwa unapangusa macho. Nikasema kwa roho, basi, nimepata. Mama atanisikia. Hata huyo mama wa mbaazi sikuwa namwangalia sana, nilikuwa naangalia wewe." Akaugeuza mpira upande wa pili. "Ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilichelea wataniambia nimempa rafiki yangu."

"Na walisema nini?"

Nilifikiri. "Hawakusema kitu," nikajibu.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Kiputo kikatokea, akaweka alama kwa chaki. Nikamwomba, kama hataona vibaya, aniimbie tena. Akasema gitaa aliliuza zamani, na vidole vyake sasa ni vya vyuma vya kutolea tairi. Lakini akaanza, kwa sauti ya chini, huku akikwangua mpira kwa msasa. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Sauti imechakaa, ila ule wimbo ulikuwa palepale. Madereva wakaacha mazungumzo.

Baada ya kiitikio cha pili akakatiza. "Hapa ndipo unaishia," akasema. "Huo wa tatu sijawahi kuupata tena. Wewe si ulikuwa na kichwa? Unaukumbuka?"

Mimi niliyejua kila wimbo wa kila Mmarekani, niliutafuta ubeti ule pale kwenye kreti mpaka nikahisi jasho. Niliusikia mara nyingi nyuma ya ghala kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikupata hata neno moja. Mama wa mbaazi alishatangulia mbele ya haki, na mwingine aliyeujua hayupo. Studio ndiyo ingeuweka.

Nilimwambia siukumbuki. Kisha nikainuka, goti likilia, nikaikunjua ile leso na kumwendea. Sikuwa na maringo ya mama yangu, nilikwenda kama mzee anavyokwenda. Nikamfunga mabegani. Dereva mmoja akauliza kama kuna arusi.

"Hapana," rafiki yangu akajibu. "Ni matokeo. Yamechelewa kidogo."

Hakuivua. Aliurudisha mpira ndani ya karai kuona kama umeziba, na ncha ya leso ikaingia majini, naye akaiacha. Aliniambia nirudi Jumapili, kwa kuwa malori ni machache, tuutafute ule ubeti. Nimekwenda Jumapili tatu sasa. Hatujaupata.