Radhi kwa Penalti ya Mwanangu

Walimwengu bwana! Miaka thelathini na moja Mitsuyo Kuwabara aliuza tofu, ile jibini ya soya, pale mjini Murakami, Japani, anaamka alfajiri kusaga soya, vidole vimechakaa kwa maji baridi, na hakuna aliyemuuliza habari zake. Mwanawe Shunta, mcheza mpira, alipotabasamu mara moja tu mbele ya kamera baada ya mechi, basi! Wafuasi milioni mbili mtandaoni. Wasichana wakawa wanapanda treni kuja kupiga picha mlango wa duka, na tofu yenyewe hawanunui.

"Mama Shunta, wewe umezaa malaika," alimtania Tokie, muuza samaki wa duka la pili. "Sisi wenzio sijui tulizaa viazi?"

"Malaika gani? Ungezinusa soksi zake!" Mitsuyo alicheka hadi akashika mbavu.

Kisha Shunta akakosa penalti, na timu ikashuka daraja.

Mitsuyo alifanya alivyolelewa kufanya: mtoto akiwaudhi watu, mzazi huinama. Asubuhi alichukua brashi na wino, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akabandika mlangoni: "Mwanangu Shunta amekosa penalti na kuwasumbua nyote. Nimemlea vibaya. Naomba radhi sana." Akaiinamia barabara tupu, akarudi kukata tofu, roho imetulia kabisa.

Kabla ya saa sita Tokie aliingia mbio, aproni imejaa magamba.

"Bandua ile karatasi! Bandua haraka!"

"Kwani nimekosea maneno?"

"Maneno ni sawa, hata mimi ningeandika hayo hayo. Ila wameshaipiga picha!"

Akabandua. Lakini kwenye simu ya Tokie karatasi bado ilikuwepo, na watu laki tatu walikuwa wameshaiona. "Dume zima linajificha nyuma ya aproni ya mama," mmoja aliandika. Mwingine: "Mama mwenyewe amekiri kamlea vibaya."

"Waambie waifute, Tokie. Nitawaomba radhi."

"Niwaambie akina nani, dada yangu? Hawa hawana mlango wa kubisha."

Mitsuyo alimpigia Shunta mara tano. Hakupokea. Masikini Mitsuyo, maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa amemwaga ndoo nzima juu ya kichwa cha mwanawe. Aliuza tofu huku akichungulia simu.

Mchana Tokie alirudi, safari hii taratibu, akamwekea simu juu ya meza. Shunta alikuwa amebandika picha yake mtandaoni. Amevaa suti nyeusi, ameinama hadi uso hauonekani. Chini yake: "Mama yangu amewasumbua nyote. Kwa niaba yake, naomba radhi sana."

"Anakutetea huyo," Tokie alisema, sauti haina nguvu.

Mitsuyo alitazama picha muda mrefu. Mgongo ulinyooka, mikono imelala mapajani, kama alivyomfundisha akiwa na miaka minne.

"Ameinama vizuri," alisema, akaanza kulia mbele ya wateja.