Vita vya Angani na Mama Mkwe

Ndege yangu ya kwanza ililiwa na kuku. Nilikuwa mtoto kule Likuyani, na baba alikuwa amerudi safari na boksi lenye vipande vya plastiki vya ndege ya kivita, ile yenye propela puani na bunduki mabawani. Gundi ya ndani ya boksi ilikuwa imekauka ikawa kama jiwe. Dada yangu akasema obusuma, ugali wetu, hushika kuliko gundi, maana sufuria ya ugali tulikuwa tunaijua. Tukaukanda, tukaunga mabawa, tukaianika ndege juani karibu na ghala la mahindi, tukaenda kuteka maji.

Tuliporudi, kuku walikuwa wameizunguka. Walikuwa wamedonoa kila kiungo kwa ustadi, na jogoo alikuwa na gurudumu mdomoni. Tulimkimbiza hadi shambani. Akalimeza akikimbia. Baba alitazama mabaki yale, akasema, "Hata vitani hazikuangushwanga hivi."

Labda ndiyo sababu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, niliagiza ndege ndogo za vita, kila moja ikitosha kiganjani. Zinachezewa mezani. Unatandika kitambaa cha samawati, ndiyo mbingu. Unasogeza ndege yako kwa zamu, na ukifika nyuma ya adui unarusha dadu. Nambari kubwa, adui anaanguka. Nilizipaka rangi mwenyewe jioni baada ya jioni, na ile nyekundu niliipaka kwa rangi ya kucha ya mke wangu, jambo ambalo alilijua siku aliyotaka kwenda harusini.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kukaa kwetu hapa Kakamega, nyumba yake ya Mukumu ikiezekwa mabati mapya. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo tuligawana: yeye jikoni, mimi sebuleni, na katikati pazia la maua.

Jumapili moja mchana, mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na nilidhani mama mkwe amelala. Mimi na mke wangu tukatandika mbingu. Mimi huwa nacheza nikiwa nimepiga magoti, jicho sawasawa na meza, ili nione anachokiona rubani. Na huwa natoa sauti ya bunduki kwa mdomo. Siwezi kujizuia.

Pazia likasema, "Mkwe ni mgonjwa?"

Niliruka nikagonga kichwa kwenye taa.

"Hapana, Mama," mke wangu akajibu. "Anarusha ndege."

Pazia likatikisika. 

"Nani anashinda?"

"Mimi, Mama."

"Sawa. Sogea, nami nirushe."

Nilitazama mlango wa nje. Mvua ilikuwa kubwa mno kwa mtu kusingizia kazi. Mama mkwe akavuta kigoda hadi kwenye pazia, akafungua upenyo wa jicho moja, akachagua ile nyekundu. Mke wangu akawa mikono yake. Na ingawa tulikuwa hatua chache tu, maneno yote yalipitia kwa binti yake.

"Mwambie mkwe, hiyo nyekundu inaenda kushoto."

"Mama anasema inaenda kushoto."

"Mwambie Mama nimesikia."

"Amesikia, Mama."

Sijui ilikuwaje, lakini zamu chache baadaye nilijikuta nyuma yake kabisa, mkia wake mbele ya bunduki zangu. Nikashika dadu. Ng'ombe nilipeleka, shuka nilinunua, miaka yote nimekaa kwa adabu, halafu leo nimpige mama mkwe risasi mgongoni? Nikaiweka dadu chini, nikageuza ndege polepole kuelekea kwenye kibakuli cha sukari.

"Anaenda wapi?" pazia likauliza.

"Mwambie Mama mafuta yamepungua," nikasema.

"Mwambie mkwe nimeona. Mwambie sikukuja huku kuhurumiwa. Arudi apige!"

Nikarudi. Nikafumba macho, nikarusha. Sita.

Mke wangu alinitazama kana kwamba hanijui. "Umempiga mama yangu."

"Nimekufa?" pazia likauliza.

"Umekufa, Mama."

"Haya. Nipe ingine."

Hiyo nyingine aliirusha bila huruma hata kidogo. Alinifuata kila kona, akiamrisha kulia, kushoto, nyuma yake, huyo, huyo! Ndege yangu ya mwisho ilipoanguka alipiga vigelegele hadi jirani akaja na mwavuli kuuliza kama tumepata mtoto. Mabati ya Mukumu yalipomalizika, mama mkwe alisema misumari bado haijazoea, akakaa wiki nyingine.

Alipoondoka nilidhani mambo yameisha. Kumbe aliwasimulia akina mama wenzake wa kanisani, nao wakasimulia waume zao, na habari zikanenepa njiani. Tulipoenda huko Mukumu kwenye sherehe, nilipewa kiti chenye mto. Baba mkwe mdogo, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, mzee asiyependa maneno mengi, alinishika mkono akanipeleka kando.

"Tumesikia uko na ndege," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni kweli, Baba, lakini ni ndogo."

"Hata ndogo ni ndege." Akatazama juu kidogo, kisha akanitazama mimi. "Sasa ukishuka, unatuanga wapi?"

"Mezani, Baba."

Akalifikiria jambo hilo, akatikisa kichwa.

"Hapo ni padogo," akasema. "Ukikuja huku tutakufyekea uwanja."