Kuku wa Amana

Kanisani kwetu Lubunga kuna desturi ambayo wageni huicheka wakiisikia mara ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka, kamati ya akina mama huipa kila nyumba kitu kimoja chenye uhai: kuku, au miche ya nanasi, au vijiti vya muhogo vya kupanda. Kitu hicho tunakiita amana. Si chako, ni cha Mungu. Wewe umepewa ukitunze tu. Kisha Jumapili ya shukrani kila nyumba inapita mbele ikicheza, imebeba amana yake na yote yaliyotokana nayo. Baada ya ibada vitu hivyo vinauzwa uani kwa mnada wenye kelele nyingi, na kanisa linapata cha kuwasaidia wagonjwa na wajane.

Mwaka ule mama yangu aliomba kuku. Aliomba kabla wengine hawajapewa, jambo ambalo si tabia yake, lakini alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa hospitalini ng'ambo ya mto, na watu wa kanisa walivuka kwa pirogi, mitumbwi yetu ya mtoni, kwa zamu, kumpelekea chakula hata siku za mvua. Aliporudi hakuweza kutembea. Wanaume wa kwaya walimbeba juu ya kiti cha plastiki kutoka kivukoni mpaka mlangoni kwetu, wakiimba njia nzima, na yeye analia kwa haya. Jumapili ya shukrani ikampita kitandani. Sasa alikuwa amepona, na alikuwa ametamka mbele ya kanisa zima kwamba mwaka huu atapita mbele kwa miguu yake mwenyewe, pamoja na kuku wa Mungu na vifaranga vyake. Nyumbani hatukusikia habari nyingine.

Alimfunga yule kuku kitambaa chekundu mguuni ili asichanganyike na wetu, akatuita wote tumwone. Wakati huo mdogo wake, mjomba wangu tunayemwita tonton, alikuwa amefika kutoka Opala na kukaa kwetu. Mama alimwonyesha kwa kidole.

"Ile yenye kitambaa nyekundu iko kuku ya kanisa. Umesikia?"

Tonton akasema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia, ndiyo shida yenyewe.

Kuku alitaga, akaanza kuatamia ndani ya kikapu kibovu nyuma ya jiko. Mama alikuwa anakwenda kumtazama kama mtu anayetazama mgonjwa, anamsemesha kwa sauti ya chini, na sisi tukipita karibu na viatu vyenye kelele tunafukuzwa.

Asubuhi moja simu ikalia: mchungaji ameshapanda pirogi, anakuja kutuombea. Kwetu mchungaji hawezi kufika nyumbani akala pondu tupu, majani ya muhogo bila nyama, akaondoka. Mama akajifunga kitenge kizuri, akaenda kumpokea kivukoni. Mimi nikatumwa sokoni kununua mchele na mafuta ya mawese. Tonton akaachiwa agizo moja tu: achinje kuku.

Niliporudi, chungu kilikuwa kinachemka na nyumba nzima inanukia vizuri. Mchungaji akaketi, tukampa firigisi kama inavyompasa mgeni wa heshima, akaitafuna taratibu amefumba macho. Ndipo nilipomwona mama anatazama chini, karibu na mafiga. Kitambaa chekundu kilikuwa pale kwenye majivu.

Mama alikaa wima, mikono mapajani, akimwangalia mtumishi wa Mungu anavyommaliza kuku wa Mungu. Mchungaji alikula akashiba, akanawa, akainua mikono na kuomba Bwana aibariki mikono iliyomlea kuku huyu mtamu. Mama akaitika amina kwa sauti nyembamba ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo.

Mgeni alipoondoka, mama akamgeukia ndugu yake.

"Nilikuambia nini juu ya ile kuku?"

"Uliniambia iko ya kanisa," tonton akajibu, hana wasiwasi hata kidogo. "Na pasta iko mutu ya kanisa. Nikasema, bon, kuku ya kanisa, mutu ya kanisa. Tena haikukimbia hata. Ilikuwa imelala tu pale, ni kama inaningojea. Alors, kosa yangu iko wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona mama ameketi chini kwenye udongo, analia, na kicheko kikanikauka. Tonton naye akaingiwa na hofu, akaanza kusema atatafuta kuku mwingine, wa rangi ile ile, hakuna atakayejua.

"Na Mungu iko kipofu?" mama akamuuliza.

Kilio chake kilivuka ua. Jirani yetu, mama Mwislamu wa zile familia za zamani za hapa mjini, akaja mbio, akidhani kuna msiba. Alipoelezwa akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio ili tusimwone anacheka. Halafu akainama nyuma ya jiko, akaingiza mkono ndani ya kikapu.

"Mayai bado iko na moto," akasema. "Bata yangu imelalia yake tangu juzi. Muilete mbio. Bata haijue kuhesabu."

Tuliyabeba mayai yale ndani ya kitenge, tonton mbele akifungua njia kama askari. Bata alinung'unika kidogo, akatanua mabawa, akayapokea yote. Kuanzia hapo mama alihamishia ziara zake kwa jirani. Kila asubuhi alisimama uani kwake, anamsalimu bata kwa heshima zote.

Vifaranga vilipototolewa mama alipiga vigelegele peke yake, na tonton akacheza mpaka kandambili ikakatika. Bata alisimama, akatoka na watoto wake wa njano, kifua mbele. Akaenda zake uani na hakurudi tena kiotani. Hapo ndipo mama alipotazama ndani ya kiota na kuacha kucheka. Mayai ya bata mwenyewe, ambayo huchukua muda mrefu kuliko ya kuku, yalikuwa yamebaki pale, yameshapoa.

"Mayai yako!" mama akasema. "Imeharibika yote!"

Jirani alikuwa anafagia. "Nilijua," akasema.

"Tangu siku ile?"

"Mimi nafuga bata tangu niko mutoto. Nilijua. Lakini ulikaa kwenye kiti mwaka muzima, ndugu yangu. Nilitaka nikuone unapita." Akaendelea kufagia.

Jumapili ya shukrani ikafika. Nyumba moja baada ya nyingine ilipita mbele ikicheza, na mikungu ya ndizi, samaki waliokaushwa, mananasi. Zamu yetu ilipofika, mama akasimama, kikapu cha vifaranga mikononi, akaanza kutembea katikati ya kanisa. Alikuwa anacheza polepole, hatua ndogo ndogo, lakini alikuwa anacheza. Nililia bila kuficha. Ghafla watu wa nyuma wakaanza kucheka. Bata alikuwa amefuata sauti za watoto wake kutoka nyumbani, ameingia mlangoni, anakuja nyuma ya mama huku akigomba.

Mchungaji akashika maikrofoni. "Mama, sisi tulikupa kuku. Hii sasa iko nini?"

Mama akaomba maikrofoni. "Pasta, kuku uliikula."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Mchungaji aliketi kwenye ngazi ya madhabahu, ameshika tumbo lile lile, anacheka mpaka machozi. Mama aliwasubiri watulie, akawasimulia habari yote, hata mayai yaliyopoa.

"Leo sina kitu yangu hapa," akamalizia. "Kuku ilikuwa ya Mungu. Bata iko ya jirani. Yangu iko hii miguu tu, na hata miguu, ni ninyi mulinibeba mpaka ikapona."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumfuata bata wake. Kanisa zima likageuka kumtazama. Mama akashuka tena ile njia ndefu, kwa miguu yake, akamkumbatia, na vigelegele vikapigwa mpaka bata akakimbilia chini ya benchi.

Uani, wakati wa mauzo, tonton alipiga kelele kuliko wote mpaka akapata kuku mkubwa aliyeletwa na nyumba nyingine. Akamfunga kitambaa chekundu mguuni, akampeleka moja kwa moja kwa jirani.

"Hii italalia mayai ya bata yako," akamwambia.

Mama akamtazama ndugu yake kwa jicho kali. "Na siku pasta anakuja?"

"Pasta," tonton akasema, "atakula samaki."