Kwenda Mgori Kunyolewa Pamoja na Wana

Niliondoka Iguguno Jumatatu alfajiri, kwa sababu Mzee Ntandu wa Mgori, aliyenilea, alikuwa amefariki. Katika njaa iliyofuata vita vya Mjerumani na Mwingereza, mjomba wangu alipita kwake, akaniacha, naye akapewa kapu la uwele. Nilikuwa na umri wa kama miaka sita. Tangu hapo sikujua kwa hakika kama nilipokewa au nilibadilishwa kwa chakula.

Swali hilo lilinitia aibu, maana kazi yangu ni kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, nami huwaeleza kwamba Mungu huwachukua wasio wake akawafanya wana. Kwetu mtu akifa, wanawe hunyolewa. Jirani huleta unga na kukaa na wageni. Nilitembea nikijiuliza nitahesabiwa wapi.

Adhuhuri nilipumzika kwa mama Elia, niliyemfundisha zamani. Alinipa uji, akauliza nimefiwa na nani. Nilijibu kwamba ni mzee mmoja aliyenitunza. Kwa jibu hilo akanijazia mfuko wa unga, kama apewavyo jirani aendaye msibani.

Jumanne jioni nilifika Mgori. Maziko yalikuwa yamepita. Nilimkabidhi unga mke wa Njiku, mwana mkubwa wa marehemu, kisha nikaketi penye gogo la wageni, karibu na zizi. Aliutazama mfuko, akacheka ingawa ni msiba.

“Shemeji ameleta unga kwao,” akawaambia wanawake. “Kesho ataomba maji kwa barua.”

Njiku akaja. Nilishangaa kuona nywele zake zingali kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kwa nini nimekaa pale. Nikamweleza habari ya kapu, na kwamba sikutaka kudai nafasi isiyo yangu.

“Kapu lile lilikuwa chakula cha mjomba wako njiani,” akasema. “Baba hakununua mtu. Na huko kanisani ndivyo unavyowafundisha watu? Wakifika kwa baba yao wakae na wageni?”

Akanishika mkono.

“Siku mbili tumekaa na nywele, tunakungoja wewe. Inuka, ndugu yangu.”

Jumatano asubuhi dada zetu walileta maji. Njiku alinyolewa kwanza, nikafuata mimi, kisha wadogo zetu wawili, kwa kufuata umri. Wembe ulikuwa butu, na mdogo wetu wa mwisho alilalamika mpaka akakemewa.

Ijumaa, nikirudi, nilipita tena kwa mama Elia. Alikitazama kichwa changu, akaweka chini kinu alichokuwa amebeba.

“Kumbe ni baba yako, mwalimu,” akasema. “Mbona hukuniambia?”

Nikamwambia nilikuwa sijui.

Miaka yote nilifundisha kwamba kufanywa mwana wa Mungu ni kuruhusiwa kuingia. Sasa nafundisha zaidi ya hapo: mwana hungojwa, na asipofika, shughuli ya nyumba husimama.