Chunusi za Mwaka wa Msiba

Kipele cha kwanza kilinitoka kidevuni kabla hatujaanua matanga ya kaka yangu. Sikukijali. Nilikuwa nalala sakafuni pamoja na wanawake waliokuja kutufariji, moshi wa kuni ukitufuata mpaka ndani, na nilidhani ni uchafu wa siku zile tu. Vikafuata vingine. Vikapanda mashavuni, vikajaa kwenye paji la uso. Havikufanana na vile vya usichana, ambavyo nilishavipita bila taabu. Hivi vilikuwa vikubwa, vyekundu, vyenye usaha, na ukivigusa vinauma hadi mfupani.

Katika miaka mingine zingekuwa chunusi tu. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya tisini, Sumbawanga, na kila mtu mtaani kwetu Izia alijua kaka yangu amekufa kwa ugonjwa gani.

Kaka alikuwa utingo wa malori yaliyokwenda Tunduma na kurudi na bidhaa. Biashara ilipofunguliwa, barabara ile ndiyo iliyotuletea mitumba, redio, na sabuni za kunukia ambazo sisi tuliokulia kwenye foleni za duka la ushirika tulikuwa tunazisikia tu. Kila akirudi alikuwa na kicheko na kitu cha mama mfukoni. Kisha akaanza kukonda. Safari ya mwisho alirudi na begi moja, akaingia chumba cha uani, na hakutoka humo tena ila kwa kubebwa.

Mimi ndiye niliyemwogesha. Baba alishatutangulia zamani, na mama mgongo ulikuwa unamsumbua. Ngozi ya kaka ilikuwa imejaa vipele vyeusi vya kuwasha, anajikuna mpaka damu. Baada ya kumwogesha nilimpaka mafuta ya mgando mwili mzima, maana ilikuwa Julai, na upepo wa Ufipa mwezi huo unapasua hata midomo ya mtu mzima wa afya. Kila nikimgeuza ubavu aliniomba radhi. Nilimwambia anyamaze. Hatukuwa na mazungumzo mengine.

Kwa hiyo uso wangu ulipoanza kuharibika, watu hawakuhitaji kuambiwa kitu. Walikuwa wameshaona vipele katika nyumba ile.

Nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa na maduka na magari, na alinipa nafasi ile bila masharti. Wateja wangu hawakugomba wala kunitukana. Mmoja alikuja kuchukua kitenge chake kabla sijakikata, akasema safari aliyokuwa akishonea imeahirishwa. Mwingine aliniletea gauni lililokwisha kushonwa na fundi mwingine, nipandishe pindo tu, na alipolichukua alilishika kwa ncha za vidole akalitia kwenye mfuko. Kwenye bomba la maji wanawake walinipisha nichote kwanza. Mgeni angedhani ni heshima.

Hayo niliyaweza. Nilichoshindwa ni kikombe. Asubuhi moja niliingia jikoni nikakuta kikombe changu cha bati hakipo na vingine. Mama alikuwa amekiweka peke yake, juu ya dirisha, kimefunikwa na kisahani. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa. Nilimimina uji wangu nikanywa nikiwa nimesimama. Tangu siku ile kikombe kilikaa dirishani, na sisi wawili tuliishi kama vile kimekaa hapo tangu nyumba ilipojengwa.

Nikaanza kuutafutia uso dawa. Nilipaka dawa ya meno. Nilipaka majivu na limau. Jirani mmoja alinishauri nisugue kwa sabuni ya mche mpaka povu liume, nami nikasugua. Halafu, ngozi ikikauka na kukakamaa kwa baridi, niliipaka yale mafuta ya mgando, mengi, asubuhi na jioni, kama nilivyokuwa nampaka kaka. Vipele vikazidi.

Siku hizo vilikuwa vimeanza kuingia vichupa vya losheni na vikopo vya krimu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vikipandishwa kutoka kwenye vijiji vya pwani ya ziwa. Vilikuwa na picha za wanawake weupe kama maganda ya yai na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Nilinunua kikopo kwa mwanamke aliyekuwa akitembeza bidhaa sokoni. Baada ya wiki moja niliamini nimepona. Vipele vilinywea, ngozi ikang'aa, ikawa laini kama ya mtoto. Nakumbuka nilisimama mbele ya kioo cha mama nikajigusa shavu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikalia, kwa raha.

Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi kule Chala. Barua ya posa ilishaletwa kabla kaka hajaanza kuumwa, na baadaye mambo yote yakasimama kupisha ugonjwa na kifo. Nilimtumia salamu kwamba msiba umepita, aje. Lakini alipokuja, kile kikopo kilikuwa kimeisha, na mwanamke wa kutembeza bidhaa alikuwa ameshuka Muze bondeni na haijulikani atarudi lini. Siku chache tu bila krimu, uso wangu ukalipuka. Vipele vilirudi na wenzao, na ngozi yote ikawa nyekundu, ikiwaka moto, nyembamba hivi kwamba upepo ulikuwa unaiumiza.

Alisimama uani ameshika baiskeli aliyoazima kwa rafiki yake mjini. Nilimkaribisha ndani, akasema amekuja mara moja tu. Alinitazama usoni, na hakutazama kwingine kokote.

"Mimi binafsi sina neno," aliniambia. "Ila wazee ndio wanaouliza."

"Wanauliza nini?"

Alisema jua linazama na njia ni mbaya, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Baadaye mshenga, ambaye alikuwa baba mkubwa wa mwalimu, alikuja kuzungumza na mama. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafua, nikasikia. Alizungumza kwa upole mwingi. Alimpa mama pole ya msiba upya, akasifu malezi yake, akauliza hali ya mgongo. Kisha akasema, "Mama, watoto wenyewe bado wadogo. Tungoje kwanza afya zitulie." Mama alijibu kwamba amesikia. Alimpa ugali, akala, akaaga. Hapakuwa na ugomvi. Mwaka uliofuata nilisikia mwalimu ameoa.

Ni yule mama mwenye duka aliyenitoa pale. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinikuta nimejifunika kanga hadi machoni, nashona hivyo hivyo, akaniuliza ninamficha nani uso wakati barazani hakuna mteja. Akasema hospitali kuna kliniki ya ngozi, niende, na kama naogopa nimwambie anisindikize. Nilikwenda peke yangu.

Kliniki yenyewe ilikuwa ndiyo ya wagonjwa wa ukoma. Nilikaa kwenye benchi kati ya mzee aliyepungukiwa vidole na mama mwenye bandeji mguuni, nikiomba asitokee mtu wa Izia. Wao walinisogezea nafasi na kuniuliza nimetoka wapi. Ilikuwa ni muda mrefu sijakaa hivyo, bega kwa bega na watu.

Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanivuta karibu na dirisha, akanishika kidevu kwa mkono wake mtupu na kugeuza uso wangu huku na huku. Nadhani kama angevaa glavu ningeondoka. Aliniuliza napaka nini, nikamtajia vyote. Aliniuliza nani kaniambia naumwa nini, nikamweleza habari za kaka.

"Hizi ni chunusi, binti yangu," alisema. "Chunusi, na hayo uliyojipaka juu yake. Huo ugonjwa mwingine hausomwi usoni. Ukitaka kuujua, tunapima damu."

Nikasema nataka.

Alinipa vidonge vya rangi mbili na kikopo cha mafuta ya kiberiti upele yaliyochanganywa pale pale hospitalini. Masharti yake yalikuwa machache na ya kuchosha. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuogea, isiyo na dawa wala manukato, bila kusugua. Ukaushwe kwa kitambaa safi cha uso peke yake. Mafuta ya mgando yaishie mikononi na miguuni. Dawa ipakwe kidogo, jioni. Jua la mchana nilikwepe. Nisiminye kitu. Na krimu ile nisiirudie hata wakiniletea bure. Alinionya kwamba kwanza uso utaharibika zaidi, kwa sababu ngozi ilishaizoea ile krimu kama mlevi na pombe, na nitatamani kurudi.

Uliharibika kweli. Kwa wiki nyingi nilinuka kiberiti, ngozi ikibanduka vipande vipande, na wakati huohuo nikisubiri majibu ya damu, ambayo siku hizo yalichelewa sana. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta moyoni ni nani atakayeniogesha, na sikumpata.

Majibu yalipokuja, tabibu aliniambia kwa mdomo, taratibu, kwamba sina. Akanitaka nirudi baada ya miezi kadhaa kurudia kipimo, nikarudi, ikawa vilevile. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Baada ya kipimo hicho cha pili ndipo nilipokwenda nyumbani kumwambia mama.

Alikuwa anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini.

"Mama, nimepimwa. Sina."

Alijipangusa vumbi la ulezi mikononi. Kisha akasema, "Nilikuwa sitaki kukuzika na wewe," akarudia kupepeta. Jioni kikombe changu kilikuwa pamoja na vingine. Hakuniomba radhi, na mimi sikudai. Lakini kuanzia kesho yake, alfajiri, kabla hajachemsha uji, aliteleka maji ya uso wangu. Aliyapima joto kwa kiwiko kama anavyofanyiwa mtoto mchanga, akaacha karai mlangoni kwangu, akaondoka. Alifanya hivyo msimu wote wa baridi, na mgongo wake ule.

Uso ulipona polepole mno, hivyo sikuona siku wala wiki uliyogeuka. Vipele vipya vilipungua, vya zamani vikakauka na kuacha madoa meusi. Madoa yakafifia, mashimo yakabaki. Bado ninayo mashavuni, na bado naosha uso vilevile, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Mtu akiniuliza siri ya ngozi namwambia hiyo, naye haamini.

Wateja walirudi. Nao walikuja kimya kimya, kama walivyoondoka. Kwenye bomba nikaanza tena kupanga foleni na kusukumwa na ndoo za wenzangu. Mtaani yakaanza kusemwa maneno mapya, kwamba kumbe yule binti hakuwa nao, kumbe ni kaka yake tu na tabia zake za barabarani. Kadiri uso wangu ulivyosafika, ndivyo kaka alivyozidi kuchafuka. Hapo mwanzo alikuwa marehemu aliyeumwa. Sasa alikuwa mfano wa kutishia vijana, na watu walinieleza hayo mimi mwenyewe wakidhani wananipa pole.

Mmoja wao alikuwa yule aliyechukua kitenge chake kabla sijakikata. Alikuja na kitambaa cha sherehe ya ubatizo, akanishika mkono, akaniangalia mashavu akitabasamu. "Tunamshukuru Mungu," alisema, "wewe hukuwa kama yule."

Upepo ulikuwa unarusha vumbi barazani. Niliutoa mkono wangu katika wake. Nikachukua futi kamba, nikamwambia ageuke nimpime mgongo.