Vigelegele vya Hadda

Hadda binti Moha bin Bassou, wa ukoo wa Ayt Uzru. Moha ndiye yule aliyevuka theluji na kondoo mwenye mimba begani, akamzalisha upande wa pili wa mlima. Tuda, mama yake Hadda, aliimba kwenye harusi hata mwezi ukachoka kabla yake. Na Hadda mwenyewe alikuwa na vigelegele. Akivipiga, mbwa wa ng'ambo ya bonde walinyamaza wasikilize.

Kwetu milimani, jioni beberu kiongozi akiingia zizini na kengele yake ikilia shingoni, mama wa nyumba hupiga vigelegele. Maana yake kundi limerudi lote, kazi imekwisha. Itto, binti wa mwisho wa Hadda, alikua akikimbia nyuma ya mbuzi hao, na sauti ya mama yake ndiyo iliyoiambia miguu yake ipumzike.

Miguu hiyo ikamfikisha Rabat, kwenye mashindano ya taifa ya riadha. Wanawake wa kijiji wakapanda basi na mikate yao na zeituni. Hadda hakuwa ameona uwanja maishani. Aliuona kama sinia kubwa la chai lililoanikwa juani, na wasichana wanazunguka ukingoni, wanazunguka, mpaka kope zikawa nzito, akawa kama yumo ndani ya usingizi mtamu wa mchana, na Itto wake anaelea mbele ya wote.

Ndipo kengele ikalia.

Hadda hakufikiri. Ulimi ulijiinukia wenyewe. Wenzake wakadakia, jukwaa likatetemeka. Kule chini Itto akapunguza mwendo, akanyanyua mikono, akasimama akitabasamu kama mtu aliyefika mlangoni kwao. Wakimbiaji wengine wakampita huku na huku kama maji yapitavyo jiwe. Kumbe kengele ile ilikuwa ya mzunguko wa mwisho, ndio kwanza unaanza.

Tangu siku hiyo Hadda hakupiga vigelegele tena. Mwanawe wa kiume alipomwoa Zhour, msichana wa mjini Meknes, bibi harusi aliingia katika nyumba iliyo kimya, akadhani hatakiwi. Mbuzi wakirudi jioni, kengele ililia, mama mkwe akaendelea kukanda unga.

Mwaka uliofuata, Itto alikuja kuaga, anarudi mashindanoni.

"Mama, utakuja Rabat."

"Nije nikuharibie tena?"

"Kocha anapuliza filimbi mchana kutwa, miguu yangu inamtazama tu. Nisipokusikia sijui mwisho uko wapi."

"Mwisho ni ule mstari mweupe, mwanangu. Hata kuku anauona."

"Kuku hajakimbia mita elfu tano, Mama."

Hadda akaenda. Safari hii Zhour alikaa ubavuni pake. Nyuma yao jirani mmoja akamchokoza: "Hadda, leo tukufunge mdomo kwa shali, au utaufunga mwenyewe?"

"Jifunge wewe, dada. Mumeo atatushukuru."

Wasichana wakaanza kuzunguka. Joto likapanda kutoka ardhini likiyumba, na miguu yao ikawa haigusi chini, kama vivuli vya ndege juu ya ngano. Kengele ikalia. Wanawake wote wakageuka kumtazama Hadda. Akauma shali yake, akatulia.

Kona ya mwisho Itto alitokea bega kwa bega na msichana mrefu wa pwani. Uso wake uligeukia jukwaani, unatafuta. Hatua zikaanza kufupika. Yule mrefu akachomoza mbele.

Hadda akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Pumzi tu, kavu kama sufi. Sauti aliyoifungia mwaka mzima ilikuwa imemhama.

Akamshika Zhour mkono. "Piga."

"Mimi, Mama? Sauti yangu ni ya kuitia paka."

"Basi ita paka. Piga, mwanangu."

Zhour akapiga. Ilikuwa sauti nyembamba ya mjini, inatetemeka kama uzi, lakini ilitoka pale alipokaa Hadda, na wanawake wote wakaifuata. Itto akainua kidevu, akajua nyumbani ni pale mbele. Hatua zikarefuka tena, na kifua chake ndicho kilichotangulia kuugusa mwisho.

Zhour alikuwa analia, mkono ungali mdomoni. Hadda akamfuta machozi kwa ncha ya shali.

"Kuanzia leo kazi hii ni yako," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mbuzi jioni utawapokea wewe, na mwakani utakaa hapa. Usiisikilize kengele, mtazame mtoto."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Ukikosea, usinyamaze kama mimi."

Akanyoosha kidole. Kule mbali msichana wa mwisho kabisa alikuwa bado anakuja, peke yake, anachechemea, na jukwaani hakuna aliyemtazama.

"Haya, mkwe wangu. Yule naye ana mama. Mpigie."